Tahadhari: Muuzaji wa Vizuia Joto Anayejaza Kuta za Karakana kwa Fomu (Foam) Nyeupe za Maboksi

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, hasa ninyi mnaoendesha karakana nyumbani, iwe ya useremala, ya kuchomelea, ya ushonaji au ya kutengeneza vifaa vya umeme, naandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayejitangaza kwa video za simu kuwa anauza na kufunga vizuia joto na sauti, na kwamba anamalizia jengo ndani kwa jipsam, skimu (lipu nyembamba ya kulainishia ukuta) na rangi kwa bei moja ya jumla. Anachoonyesha wakati wa kuuza sicho anachokiweka ndani ya ukuta. Jina lake na la biashara yake siliandiki hapa kwa kuwa malalamiko yameshafikishwa polisi na sipendi kuvuruga upelelezi, lakini nitaeleza kwa kirefu namna anavyofanya kazi, ili yeyote atakayefikiwa naye aweze kumtambua.

Karakana yangu iko uani, Goba, imejengwa kwa tofali za sementi na kuezekwa kwa bati. Anayefanya kazi chini ya bati mwezi wa Januari au Februari anajua ninachokisema: ifikapo saa nane mchana joto halitoki mlangoni wala dirishani, linashuka kutoka juu, na gundi ya mbao inakauka kabla hujabana kiungo. Shida ya pili ni sauti. Ukuta mmoja unapakana na chumba cha kulala cha jirani, na msumeno wa meza ukianza kuunguruma, mtoto wa jirani anaamka. Mahitaji haya mawili ni ya kweli, wapo wengi wenye nayo, na ndiyo anayoyatumia muuzaji huyu kama mlango wa kuingilia.

Alikuja na kipande cha pamba ya mawe, yaani nyuzi zinazotengenezwa kwa mwamba ulioyeyushwa kisha ukasokotwa na kugandamizwa kuwa bamba. Akakielekezea tochi ya gesi mbele yangu. Kipande kilikuwa chekundu pale moto ulipogusa, hakikuwaka, hakikutoa matone, na upande wa nyuma niliweza kuweka kiganja. Jaribio hilo halikuwa kiini macho, kwa sababu pamba ya mawe halisi huhimili joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi kabla ya kuyeyuka, na kwa kuwa nyuzi zake ni nyingi na zimesongamana, hupunguza pia sauti inayopita ndani ya ukuta. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wakitahadharishwa juu ya utapeli hutazamia bidhaa mbovu tangu mwanzo, ilhali kwa mtu huyu sampuli ni nzuri kabisa, maelezo yake ni sahihi, na hata ankara kifani, yaani ya makadirio kabla ya malipo, imeandikwa vizuri: pamba ya mawe ya milimita 50, bodi za jipsam za milimita 12 zinazostahimili unyevu, foili ya kuakisi joto chini ya bati, pamoja na ufundi. Nilitakiwa kulipa asilimia 70 kwanza.

Mzigo uliletwa jioni giza likiingia, ndani ya Canter, ukiwa umefungwa kwa nailoni nyeusi. Msimamizi wao aliniomba kwa adabu nyingi nikae nje na nisiruhusu watoto kusogea, akisema, "Mzee wangu, vumbi la pamba hii linawasha na si zuri kwa kifua." Hilo nalo ni kweli kwa pamba ya mawe na pamba ya kioo, na ndipo ujanja ulipo, kwamba ukweli mmoja unatumika kufunika uongo mwingine. Lakini vijana waliokuwa wakibeba na kukata vifaa hivyo walikuwa wamevaa singlendi, mikono mitupu, bila glavu wala barakoa, na hakuna aliyejikuna. Naomba mkumbuke jambo hili kuliko mengine yote niliyoandika. Fundi anayekata pamba ya mawe hujifunika mikono na pua, tena bila kuambiwa, kwa sababu nyuzi zake humwasha hadi akaoge. Ukiona mafundi wako wameachia kifua wazi huku ukiambiwa wewe usogee mbali kwa ajili ya afya yako, ingia ndani uangalie.

Walifunga bodi haraka na kuzipiga skimu papo hapo, na asubuhi karakana ilikuwa nyeupe na ya kuvutia. Nilipokuja kutoboa ukuta ili nining'inize rafu ya randa na patasi, keekee ilirudi na punje nyeupe zimenata kwenye meno yake. Nilikata tundu la ukubwa wa kiganja. Ndani hamkuwa na pamba yoyote. Mlikuwa na vipande vya ile fomu nyeupe ya punjepunje inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni na majokofu, vingine vikiwa bado na umbo la kona ya friji, kimoja kikiwa na gundi ya boksi na kipande cha katoni kilichobaki kimenata. Kati ya kipande na kipande palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa tupu kabisa. Juu, foili ilikuwa imelazwa moja kwa moja kwenye mgongo wa bodi za dari.

Wapo watakaosema kwamba fomu nayo ni kizuia joto, na kwa maana finyu hawakosei, kwa kuwa sehemu kubwa ya fomu hiyo ni hewa iliyofungiwa, na ipo inayotengenezwa mahususi kwa ujenzi ikiwa na dawa ya kupunguza kuwaka. Fomu ya kufungashia haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inaanza kulainika hata kabla ya nyuzi 100 za Selsiasi, ikishika moto inadondosha matone yanayowaka, na moshi wake ni mweusi na mzito. Nilichukua kipande nikakichoma uwanjani mbali na jengo, na kiliisha huku kikidondosha matone hayo. Sasa fikirieni kitu hicho kikiwa ndani ya ukuta wa chumba chenye vumbi la mbao, thina na vanishi, au chumba ambamo mtu anachomelea na cheche zinaruka hadi kwenye kona. Huko London, jengo la ghorofa la Grenfell liliwaka Juni 14, 2017 na watu 72 wakapoteza maisha, moto ukiwa umesambaa kupitia vifaa vilivyobandikwa kwenye kuta za nje, na ripoti ya mwisho ya uchunguzi iliyotolewa Septemba 2024 ilisema wazi kwamba baadhi ya waliotengeneza na kuuza vifaa hivyo waliwadanganya wanunuzi kuhusu usalama wake dhidi ya moto. Karakana ya uani si ghorofa, lakini udanganyifu ni wa aina ileile, na anayelala upande wa pili wa ukuta ni mtoto wa mtu.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya nyaya. Mafundi hao walipitisha nyaya za soketi katikati ya fomu bila bomba. Ganda la waya la PVC likigusana na fomu ya aina hiyo kwa muda mrefu, vilainishi vilivyomo ndani ya plastiki huhamia kwenye fomu, ganda linakakamaa na hatimaye kupasuka. Tena waya uliozungukwa na kizuia joto cha aina yoyote haupoi vizuri, kwa hiyo hauwezi kubeba umeme ule ule ambao ungebeba ukiwa wazi, na mashine za karakana zinavuta umeme mwingi. Nyaya zipite ndani ya bomba, na kazi hiyo aifanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si fundi jipsam.

Kuhusu sauti, fomu nyepesi haizuii mngurumo wa msumeno, na jirani yangu aliniambia hajasikia tofauti yoyote. Kuhusu joto, foili hufanya kazi pale tu upande wake unaong'aa unapotazamana na nafasi ya hewa, walau milimita 25 hivi, kwa sababu kazi yake ni kukataa kupokea na kurusha mionzi ya joto. Ikibanwa kati ya vitu viwili bila nafasi, inabaki kuwa bati jembamba linalopitisha joto kama kawaida. Ifungwe chini ya bati ikiwa imeachiwa nafasi, na upande unaong'aa uangalie chini ili vumbi lisiulalie.

Muuzaji huyu pia hushawishi wateja kuziba matundu ya hewa yaliyo juu ya kuta, akidai kwamba joto litaingilia humo. Msikubali. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, matundu yale ndiyo yanayotoa hewa ya moto na mvuke wa thina na rangi, na yakizibwa, masika yakifika ukungu utapanda kwenye jipsam. Hata hilo la kufunika kuta zote nne lina walakini, kwani katika jengo la tofali lenye kivuli, pesa nyingi inafaa iende juu kwenye dari, na ukuta upewe kipaumbele pale tu unapopigwa na jua la alasiri au unapopakana na jirani.

Kwa anayetaka kununua sasa, pima uzito wa mzigo kabla haujashushwa wote. Bamba la pamba ya mawe la mita 1.2 kwa 0.6, lenye unene wa milimita 50 na msongamano wa kilo 60 kwa mita ya ujazo, lina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 2. Fomu ya ukubwa huohuo haifiki hata nusu ya uzito huo. Ile ya kilo 15 kwa mita ya ujazo itakuwa na gramu 540 tu. Mizani ya dukani inatosha kuumaliza ubishi. Bodi za jipsam nazo zipimwe unene, lakini kwenye ncha fupi iliyokatwa, kwa maana kingo ndefu huwa zimepunguzwa makusudi ili zipokee skimu. Mimi niliandikiwa za milimita 12 zinazostahimili unyevu, ambazo kwa kawaida huwa na karatasi ya kijani. Nilizofungiwa ni za kawaida za milimita 9. Hili si dogo, kwa sababu takriban moja ya tano ya uzito wa jipsam ni maji yaliyoshikiliwa ndani yake, ambayo hugeuka mvuke wakati wa moto na kuuchelewesha, na bodi ikiwa nyembamba muda huo unapungua.

Sharti kubwa zaidi liwe hili: ukuta usifungwe kabla hujaona kilichomo na kukipiga picha, bamba kwa bamba, na malipo ya awamu ya pili yatolewe hapo, si kabla. Mkweli hatakataa.

Malipo yenyewe yaliombwa kupitia Lipa Namba, na jina lililotokea kwenye simu halikufanana na jina la kwenye ankara. Alieleza kwamba ni la mhasibu wao. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, aliahidi kuileta baadaye, kwa madai kwamba mtandao wa mashine unasumbua, na hadi leo haijaja, ingawa sheria inamtaka muuzaji kuitoa na mnunuzi kuidai. Nilipomtumia picha za ndani ya ukuta alijibu kwamba hiyo ndiyo teknolojia mpya, kisha akanizuia nisimpigie tena. Tangu nianze kuuliza, nimepata dada mmoja wa Kimara mwenye chumba cha cherehani na kijana wa Tabata mwenye karakana ya kuchomelea, wote wawili wakiwa wameonyeshwa tochi ileile ya gesi. Kwa kijana wa Tabata hata foili haikuwekwa.

Mwenye kazi ya aina hii ambayo tayari imefungwa, naomba atoboe tundu dogo mahali pasipo na waya, huku umeme umezimwa kwenye sakiti breka, aangalie. Akikuta fomu, asichomelee wala kutumia grainda humo mpaka iondolewe, na namba ya Zimamoto, 114, ibandikwe mahali panapoonekana. Namba ya simu iliyotumika kutapeli inaweza kuripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Malalamiko ya bidhaa isiyolingana na maelezo yapelekwe Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ina mamlaka juu ya mwenendo wa kupotosha wanunuzi, na pia kituo cha polisi ili mpate RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Vipande mtakavyovitoa ukutani msivitupe. Vihifadhini pamoja na ankara, ujumbe wa simu na muamala wa malipo, na yeyote aliyeipiga picha ile Canter namba zake zikaonekana, tafadhali aipeleke kituoni, kwa sababu hicho ndicho kielelezo ambacho hadi sasa sisi watatu hatuna.