Fomu ya wosia ya dukani: saini sawa, mgao dhaifu

Fomu hizi zinazouzwa Kenya zina nafasi ya saini ya mwenye wosia na mashahidi wawili, kama Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inavyotaka. Hapo hatuna neno. Tatizo ni mstari wa mgao: ukiandika "shamba langu wapewe watoto" nawe una mashamba mawili, mahakama italazimika kuusoma wosia mzima kutafuta nia yako. Taja namba ya hatimiliki na majina kamili. Mali isiyotajwa hurithiwa kana kwamba hukuacha wosia, na fomu haina kipengele cha mabaki, yaani cha kusema nani apewe mali iliyosalia. Baya zaidi, haionyi kwamba mrithi akiwa shahidi hupoteza fungu lake, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio warithi. Mwenye wake wawili amwone wakili.