Simu ya kubadilisha vipande: naipenda, lakini Kariakoo wamenitoa machozi

Nianze na hukumu kabisa, asiyetaka kusoma marefu aondoke nayo: kama unaishi Dar, simu hizi za kufungua kwa bisibisi na kubadilisha kipande kimoja kimoja, usinunue. Huko chini mtaniona nageuka. Nivumilieni, bado nina hasira.

Jina la simu yangu naliacha, maana ugomvi wangu si na walioitengeneza. Ni ya kampuni ndogo ya Ulaya, nililetewa na binamu yangu anayeishi Ujerumani. Mfuniko wa nyuma unatoka kwa ukucha. Betri unaichomoa kwa vidole, kama tulivyozoea kwenye simu za batani. Chini yake kamera iko kivyake, spika kivyake, sehemu ya kuchajia kivyake, na kila kimoja kimeshikwa na skrubu unazoziona kwa macho. Hakuna tone la gundi.

Na jamani, nilifaidi. Mwanangu aliiangusha uwani, kioo kikawa utando mtupu. Binamu akanunua kingine hukohuko, kikaja na mtu aliyekuwa anarudi likizo, nikakibadilisha mwenyewe mezani jikoni huku maharage yanachemka. Skrubu niliziweka kwenye kisosi cha chai. Ilipowaka nilipiga kelele hadi jirani akachungulia. Kaka yangu, ambaye hata balbu anaiitia fundi, aliitwa aje aone.

Tatizo likaja kwenye sistimu chaji. Mnaijua ile hali: unachomeka waya, unaukunja kidogo, unauegemeza kwenye kopo la hamira, unaomba Mungu usitikisike. Ikafika siku haikubali hata ukiukunja vipi. Mimi naoka keki, oda zangu zote zinaingia WhatsApp, na wateja wa keki za harusi hawajui neno subira. Nikapanda mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama njia nzima, hadi Kariakoo.

Mafundi wa Mtaa wa Aggrey siwasemi vibaya hata kidogo. Simu ilipita kwenye viti vyao mkono kwa mkono, wanaigeuza, wanaipiga picha. "Dada, hii mbona imefunguka yenyewe?" Mmoja aliangalia ndani, akaniambia kwa upole kwamba kazi yenyewe ni ya dakika tano, angekuwa na kipande angenifungia bure. Ila kipande hana, na hamjui aliye nacho.

Ndipo nikaingia kwenye duka la vioo, lenye kiyoyozi na bango kubwa la spea za simu zote. Wakasema wanaagiza. Nikatoa kianzio cha elfu themanini, nikapewa karatasi yenye mhuri. Nikasubiri. Nikipiga simu, mzigo uko njiani. Nikipiga tena, uko bandarini, mara uwanja wa ndege, yaani hicho kipande kilitembea kuliko mimi.

Siku kilipofika, kijana wa kaunta alikuwa anakula chipsi mayai kwa kijiti cha meno. Akanisukumia pakiti ya fedha bila kuinua macho. Nikaifungua palepale. Kipande kinafanana na changu, ila tundu la skrubu limekaa pembeni kidogo, upana wa punje ya mchele, na kile kiunganishi cha kubonyeza kwenye bodi kiko upande mwingine kabisa. Ni cha toleo lililotangulia langu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiki sicho." Akachukua kipande kwa vidole vyenye mafuta, akakitazama, akanirudishia.

"Dada, si ulisema simu yako inaunganishwa na mwenye nayo? Kaunganishe."

Wateja wakacheka. Na mmoja wao alikuwa mtu mzima, kanzu imenyooka, ningetegemea angalau yeye anyamaze. Nikaomba kianzio changu. Kianzio hakirudi. Nikaomba kuongea na bosi. Bosi kasafiri. Nilitoka pale natetemeka, na sikuwa na hamu hata ya kununua unga niliokuja nao kwenye orodha.

Sasa hasira yangu ikahama, ikaangukia wazo lenyewe. Tunauziwa simu isiyozeeka, unayoibadilisha kidogo kidogo, halafu kipande cha toleo hili hakiingii la jana. Mwaka 2013 kijana wa Kiholanzi, Dave Hakkens, alitoa video ya Phonebloks, simu ya vitofali unavyopachika utakavyo, na dunia ikashangilia. Mwaka huohuo Motorola, ikiwa chini ya Google, wakatangaza Project Ara yenye wazo lilelile. Mwaka 2016 Google wakaifuta kabla haijauzwa dukani. LG nao mwaka 2016 walitoa G5, unavuta kidevu cha simu kinatoka na betri yake, unapachika kingine. Simu iliyofuata, G6, ikarudi kufungwa kabisa, na mwaka 2021 LG wakaacha biashara ya simu. Aliyenunua vile videvu anavifanyia nini leo?

Haki itendeke: wapo waliotimiza, japo kidogo. Fairphone wa Uholanzi mwaka 2020 walitoa kamera bora zilizoingia kwenye simu yao ya 2019 bila kununua simu mpya. Lakini bodi, yenye prosesa na memori, hiyo huibadilishi, na simu ikianza kuwa nzito, uzito unatoka hukohuko kwenye bodi. Kwa hiyo tuseme ukweli, nyingi ni simu za kutengenezeka. Za kuboreshwa kama kompyuta ya mezani, bado.

Na kutengenezeka kwenyewe, hapa mjini nani anakukosa? Tecno ya mdogo wangu ilikufa sistimu chaji ileile. Ina gundi kila kona, mtengenezaji hakukusudia uifungue. Fundi wa Aggrey aliipasha kwa bloa, akaifungua, akabadilisha, akaifunga, na mdogo wangu hakuwa amemaliza soda yake. Elfu kumi na tano. Spea zipo hadi kwenye ndoo. Vijana wale wanabadilisha IC, vile vidude vidogo vya kwenye bodi, chini ya hadubini huku wanabishana Simba na Yanga. Kwa Kariakoo kila simu inafunguka, mradi iwe simu wanayoijua watu wengi. Yangu inafunguka kuliko zote, na ndiyo pekee iliyokosa tiba.

Wazungu wanaweza kulimaliza hili wakitaka. Tangu mwisho wa 2024 Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa kwao zitumie tundu la chaji la aina moja, USB-C. Sheria yao ya betri nayo, kuanzia Februari 2027, inataka mtumiaji aweze kuitoa betri mwenyewe, ingawa ina misamaha yake. Kama waya umelazimishwa ufanane, mbona kipande kinachoupokea huo waya kila kampuni ina chake, na kila toleo lina chake?

Unajua simu yangu inaishi vipi sasa? Kwa chaja ya kobe. Ndiyo, ileile ya enzi za Nokia, ya kubana betri na kupanga vile vyuma viwili mpaka taa ibadilike rangi. Nimeagiza betri ya pili, moja iko ndani ya simu, nyingine iko kwenye kobe. Umeme ukikatika jioni, wenzangu wanahangaika na pawabenki, mimi nabadilisha betri nasonga na oda zangu. Hakuna simu ya gundi inayoweza hilo, sistimu chaji yake ikifa imekufa yote mpaka ifike kwa fundi.

Basi nirekebishe hukumu. Kama una ndugu nje anayekuja mara kwa mara, na anajua kusoma namba ya toleo kabla hajalipia, nunua, utaipenda. Kama huna, chukua ile ambayo fundi wako ana ndoo ya spea zake. Yangu siiuzi, binamu anakuja na kipande sahihi, kanitumia picha, tundu la skrubu liko mahali pake.

Ila lile duka, karatasi yenye mhuri ninayo, na bosi akirudi safari atanikuta nimeketi pale kaunta.