Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni: miezi minne juu ya ngazi

Nilinunua kofia sita za aina hii katika duka la vifaa vya ujenzi huko Gerezani, Dar es Salaam, baada ya ngazi kumtelezea fundi rangi mwenzetu, naye akaanguka kutoka kimo kisichozidi mita 2.5 na kupiga kisogo kwenye sakafu ya zege. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya kawaida, lakini ilimvuka kabla hajafika chini. Aliinuka mwenyewe, akasema kichwa kinamuuma kidogo tu. Jioni alianza kutapika na maneno yakawa yanamtoka kwa taabu, na hospitalini ikabainika kwamba damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu. Tunashukuru yu hai, ingawa hajaweza kurudi kazini.

Ndiyo maana jambo la kwanza nililolichunguza ni mkanda. Kofia nyingi za ujenzi hutengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 397, ambacho kwa miaka mingi kimezipima kwa kuzidondoshea utosini uzito wa kilo 5 kutoka mita 1, yaani kimemfikiria mtu anayeangukiwa na tofali kuliko mtu anayeanguka mwenyewe. Mkanda wake, ukiwepo, umekuwa ukitakiwa kuachia kwa nguvu ya kati ya nyutoni 150 na 250 ili usimnyonge mvaaji akinaswa. Hizi zetu zimepigwa chapa ya EN 12492, kiwango cha wapanda milima, ambacho hupima pia mbele, ubavuni na nyuma, na mkanda hutakiwa kuhimili nyutoni 500.

Gurudumu la kukazia hugeuka vizuri hata kwa vidole vyenye rangi, na kofia haichezi mtu anapoinua uso kupaka dari. Udhaifu wake mkubwa ni joto: ikifika saa sita mchana sponji imelowa jasho, na mafundi wawili nimewakuta wamefungua mkanda, jambo linaloirudisha kofia kuwa kama ile ya zamani. Sasa nakagua kifungo cha kila mtu kabla hajakanyaga kidato cha kwanza, sambamba na kuhakikisha kwamba mguu wa ngazi umetengwa na ukuta mita 1 kwa kila mita 4 za kimo.

Bei ni karibu mara tatu ya kofia ya kawaida. Nitaongeza nne, zote nyeupe, kwa sababu nyeusi hazivumiliki juani.