Ekseli nzuri kabisa, breki walizonifungia nusura zituue

Ndugu zangu mnaopenda magari ya zamani, naandika haya hasira haijaisha, na sitaificha. Gereji iliyonibadilishia ekseli ya nyuma (ule mhimili wa magurudumu ya nyuma) na breki zake siitaji jina kwa sababu mimi na wao bado hatujamalizana. Jueni tu kwamba niko Pittsburgh, Pennsylvania, mji wa kupanda na kushuka, na kwenye mji kama huu breki si kitu cha kubahatisha.

Gari ni Mustang ya 1966, silinda sita, gia tatu za mkono. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa ameifungia bandani miaka mingi. Wanaozijua gari hizi wanaujua ugonjwa wake: zile za silinda sita Ford walizifunga kila kitu chepesi. Gurudumu lina nati nne badala ya tano, difu ndogo (lile boksi la gia katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu ya nyuma), na ngoma za breki za inchi 9, wakati ndugu zake za V8, yaani za silinda nane, zilipewa difu ya inchi 8 na ngoma za inchi 10. Difu yangu ilikuwa inalia tangu nikiingia maili arobaini kwa saa mpaka nisimame. Na breki zikishapata moto kwenye mteremko, unakanyaga pedeli ngumu kama jiwe na gari linaendelea na safari zake.

Watu wengi walinishauri nichukue ekseli ya Ford Explorer, zile za kuanzia 1995 hadi 2001, zenye difu ya inchi 8.8 na disk breki, yaani breki za sahani badala ya ngoma. Ni chuma hasa, sibishi. Lakini ni pana kuliko nafasi iliyopo, kwa hiyo wengi hukata bomba la ekseli la upande mmoja na kulifupisha, wakatoa vikalio vya springi na kuchomelea vingine, na hapo ukikosea kidogo tu pembe ya pinioni, ile gia ya difu inayoungana na propela, basi propela (shafti inayoleta nguvu kutoka mbele) itatikisa gari zima ukiwa barabara kuu. Yote hayo kwa injini ya silinda sita? Mimi nilitaka kitu ambacho Ford wenyewe wangeweza kukifunga kiwandani. Ekseli ya inchi 8 inakaa palepale, juu ya springi zilezile, huchomelei kitu. Nikaipata moja iliyotoka kwenye Mustang ya V8 ya miaka ileile, ngoma zake za inchi 10 zikiwa bado nzima. Mbele nikanunua spindo na habu (vyuma vinavyobeba gurudumu) za V8 ili magurudumu yote manne yawe na nati tano.

Na masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, nikabadilisha. Hili nawaomba mlisikilize hata kama mengine yote mtayaruka. Mustang za 1965 na 1966 zina masta silinda ya chumba kimoja. Paipu moja ikitoboka popote, breki za magurudumu yote zimekwisha. Na huku kwetu barabara humwagwa chumvi kila msimu wa baridi, kwa hiyo paipu kuliwa na kutu ni jambo la kawaida. Kuanzia 1967 Ford waliweka ya vyumba viwili, mbele na nyuma kila moja na mafuta yake. Nikaweka ya namna hiyo. Namshukuru Mungu niliiweka.

Kazi yenyewe ningeweza kuifanya. Nimekulia Tanga, mjomba wangu alikuwa na Land Rover ya zamani, breki za ngoma pande zote, na kila Jumamosi mimi ndiye niliyelala chini na spana kuzikaza. Lakini mgongo wangu wa sasa si ule wa Tanga, na gereji hii ilijitangaza kuwa mabingwa wa magari ya Kimarekani ya miaka hiyo. Nikawapelekea gari na vipuri vyote, nikalipa nusu, nikasubiri.

Difu walifunga vizuri mno. Lazima niseme ukweli hata nikiwa nimekasirika. Bolti za U za zamani, zinazoshika ekseli kwenye springi, hazikuenea kwenye bomba nene, wakatafuta zinazofaa bila kunisumbua. Krosi ya nyuma ya propela, kile kiungo chake na difu, nayo haikulingana, wakaweka ile ya kuunganisha saizi mbili. Nilipolichukua gari na kuingia barabara kuu, kwa mara ya kwanza nilisikia injini peke yake. Ukimya ule! Nilizima redio nisikilize. Siku ile mngeniuliza ningewapa nyota tano na za ziada.

Baada ya wiki kama mbili nikaona pedeli inashuka. Si ghafla. Leo iko hapa, kesho kutwa imeshuka upana wa kidole. Nikaangalia mafuta ya breki, yamejaa vyumba vyote viwili. Hakuna tone chini. Nikarudi kwao.

Pale mapokezi kulikuwa na bwana mmoja, sijui ni meneja au nani, hakuinua hata macho. Nikamweleza. Akasema watatoa upepo tena, yaani hewa iliyoingia kwenye paipu za breki. Wakalipeleka gari ndani, likatoka baada ya nusu saa, wakanitoza. Hawakufungua gurudumu hata moja; nilikuwa nimesimama dirishani naona. Nikamwambia pedeli haijabadilika. Akaniambia magari ya zamani ndivyo yalivyo, nikitaka breki za kisasa ninunue gari la kisasa. Kisha akaniuliza, mbele ya wateja wengine wawili, "Huko mlikotoka mna Mustang?"

Nilinyamaza. Miaka yangu yote hapa nimejifunza kunyamaza mahali pa namna ile. Lakini swali hilo lilinifuata mpaka nyumbani, na mpaka leo nikilala nalisikia. Nimetoka mahali ambapo lori linabeba mzigo kwenye milima ya Usambara kwa breki za ngoma, na fundi akikosea watu hufa, kwa hiyo fundi hakosei halafu akacheka.

Jumapili moja nikampeleka binti yangu Mount Washington kutazama mji kutoka juu, mito inapokutana. Kurudi tukashuka na McArdle Roadway, ile barabara inayokata ubavu wa mlima mpaka darajani. Katikati ya mteremko magari ya mbele yakasimama. Nikakanyaga. Pedeli ikaenda mpaka karibu kabisa na sakafu. Nikavuta handbreki, ambayo kwenye gari hili ni mkono ulioko chini ya dashibodi, ikaja yote kama kamba iliyokatika. Haikushika kitu. Nikakanyaga mara ya pili, ya tatu, haraka haraka, pedeli ikainuka kidogo, breki za mbele zikashika. Nikaishusha gia kwenda namba mbili. Tulisimama tukiwa karibu mno na gari la mbele hata nikawa siioni bamba yake. Binti yangu hakusema neno. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

Tulirudi nyumbani polepole, taa za hatari zinawaka njia nzima.

Jioni ileile shemeji yangu akaja, tukaliinua gari kwa jeki, tukaliweka kwenye stendi, tukavua ngoma za nyuma. Shoo, vile vipande vinavyobana ngoma kwa ndani, zilikuwa zimepangwa sawa, ile yenye bitana fupi mbele na ndefu nyuma. Springi ziko mahali pake. Wili silinda, zile pampu ndogo zinazosukuma shoo, kavu, hazivuji. Nikaanza kudhani labda kweli sijui kitu. Kisha nikashika ile skrubu ya kurekebishia, yenye kigurudumu cha meno, iliyoko chini kati ya shoo mbili. Nikaifuta grisi kwa kidole gumba. Upande wa kushoto wa gari, kwenye chuma, imegongwa herufi R. Nikaenda upande wa kulia. L.

Walizibadilisha pande.

Kwa msiojua: breki hizi zinajikaza zenyewe. Ukirudi nyuma na kukanyaga breki, kuna mkono mdogo unaovutwa na kusukuma jino la kile kigurudumu, skrubu inarefuka, shoo zinasogea karibu na ngoma. Skrubu ya kushoto na ya kulia zina hesi (mikato ya kuzungushia) zinazokwenda kinyume. Ukiiweka ya kulia kushoto, mkono ule ule, jino lile lile, lakini sasa skrubu inafupika. Breki inajilegeza yenyewe. Na mimi naishi juu ya kichochoro chenye mwinuko, kila jioni naingiza gari bandani kwa kurudi nyuma huku nikibonyeza breki. Kila jioni nilikuwa nazilegeza breki zangu kwa mguu wangu mwenyewe, na handbreki pia, kwa kuwa inavuta shoo hizohizo. Masta silinda ya vyumba viwili ndiyo iliyotuachia breki za mbele.

Tulizirudisha kila moja kwake, tukazipaka grisi kidogo kwenye hesi, tukakaza mpaka shoo ziguse ngoma kwa mbali, tukafunga. Haikutuchukua hata muda wa saa mbili. Pedeli sasa iko juu, inashika mapema, gari linasimama wima bila kuvuta upande. Kwa kweli ngoma za inchi 10 zilizofungwa sawasawa zinatosha gari hili. Wanaosema lazima uweke disk pande zote kabla hujatoka getini wanatishia watu bure. Hilo narudia: kifaa ni kizuri, ubaya ni mikono iliyokifunga.

Nikarudi gereji na picha za zile herufi kwenye simu. Yule bwana akazitazama kama mtu anayetazama saa, akasema atajuaje kwamba si mimi niliyezigeuza. Hapo sikunyamaza. Sitaandika nilichosema.

Nilipokuwa natoka, kijana mmoja fundi akanifuata mpaka kwenye maegesho, mikono imejaa grisi. Akaniambia yeye ndiye aliyefunga difu na propela, breki alifunga mwingine ambaye hayupo tena, na kwamba anaomba radhi. Akauliza kama mtoto yuko salama. Nikampa mkono. Kwa ajili ya kijana yule nilitaka nibadilishe maneno yangu, niseme nendeni, ila mwombeni yeye tu. Mtu anayeweza kufunga difu ikanyamaza namna ile, na akawa na utu, anastahili wateja.

Lakini nikifikiria tena, hapana. Msiende. Kijana hakai mapokezi, na hachagui nani afunge breki za nani. Walikuwa na nafasi ya kuvua ngoma mbili siku niliyolalamika, kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye lifti, na badala yake wakachagua kuniuliza nimetoka wapi. Nyota moja. Hiyo moja ni ya difu.

Na nyie mliobadilisha breki za ngoma karibuni, gerejini au nyumbani, kama pedeli inashuka siku hadi siku na mafuta hayapungui, vueni ngoma mtazame herufi kabla ya kutoa upepo mara ya pili.

Nimewaandikia kudai fedha za kazi ya breki na za kule kutoa upepo kusikosaidia kitu, nikaambatisha picha mbili, ya kushoto na ya kulia. Hawajajibu. Binti yangu jana aliniuliza kama tunaweza kwenda tena kule juu kutazama mito. Nikamwambia twende na basi.