Uthibitishaji wa hatua mbili: SMS au programu?

Kwa kijana anayefungua akaunti zake za kwanza, SMS ndiyo njia nyepesi: anaandika nenosiri, anatumiwa tarakimu chache, anaziingiza. Hata simu ya kitochi inatosha. Ila mtandao ukikatika ujumbe haufiki, na tapeli akifanikiwa kuhamishia namba ya kijana huyo kwenye laini nyingine, misimbo yote humwendea tapeli.

Programu ya uthibitishaji huziba mwanya huo. Unaskani msimbo wa QR mara moja, kisha simu yenyewe hutengeneza tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, hata bila intaneti. Saa ya simu ikienda mbele au nyuma, tarakimu hukataliwa. Iache ijirekebishe yenyewe. Balaa ni kupoteza simu. Kwa hiyo misimbo ya akiba, ile ya kuingilia akaunti simu isipokuwepo, iandikwe kwenye karatasi siku ileile, si kupigwa picha na kuachwa kwenye simu hiyohiyo (kosa la wengi).

Barua pepe ipewe programu, kwani nywila za akaunti nyingine hubadilishwa kupitia hapo. Kwingine, kama ni SMS tu inayopatikana, iwashwe. Tovuti bandia hunasa tarakimu za njia zote mbili, hivyo anwani isomwe kwanza.