Wanawake Bustanini ya mchoraji Mfaransa Claude Monet: printi ya onlaini vs mchoro wenyewe, uzoefu wangu

Printi kwanza. Niliagiza kwenye duka moja la onlaini, jina naliacha, karatasi nene nzuri, imefika haijakunjika, hapo sina neno. Shida ni kivuli. Kwenye hii picha kuna kivuli cha mti kinakatiza njia ya bustani halafu kinapanda mpaka kwenye gauni la yule dada aliyekaa chini, sasa kwenye printi ni kijivu tu, kimekufa, na kivuli ndo picha yenyewe jamani! Nyota mbili.

Mchoro halisi uko makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris, na aisee ni vitu viwili tofauti kabisa. Urefu sentimita 255, upana 205, yaani unaupita mlango wa chumba, wale wanawake wanne ni karibu saizi ya mtu kweli. Na kile kivuli sasa kina ubuluu, kina uzambarau kwa mbali, halafu jua linalopenya kwenye majani linaangukia gauni jeupe mpaka unajikuta unafinya macho, ndani ya jengo, hakuna jua lolote. Uso wa aliyekaa uko chini ya mwavuli lakini haujawa giza. Hapo nilisimama sana.

Siri ni kwamba jamaa aliichora nje. Mwaka 1866, Ville-d'Avray karibu na Paris, Monet ana miaka 25, kanvasi kubwa vile huwezi kuchora juu bila kupanda ngazi, na ukipanda ngazi jicho linahama, basi akachimba mtaro bustanini akafunga kapi, kanvasi ikawa inashushwa shimoni yeye kabaki palepale. Sio kwamba yote ilikwisha nje lakini, kumalizia alimalizia ndani, mji wa Honfleur. Mpenzi wake Camille Doncieux, wakati huo ana 19, ndo aliyepozi kwa wengi wa hao wanawake, ukishajua hilo unaanza kuona sura inajirudia.

Sio kwamba kila kitu ni safi. Kiukweli watu wenyewe wamekakamaa, hawaongei, hawatazamani, kama masanamu ya dukani yaliyovishwa nguo za msimu, na yule wa kulia mwenye nywele nyekundu anaelekea nyuma ya mti ila ni kama anateleza, miguu huioni. Mi naona Monet hakuwa na shida na hao akina dada, alikuwa anautaka mwanga, nguo nyeupe ni pa kuutegea tu. Ndo maana natoa nyota nne na nusu, sio tano.

Majaji wa Salon, yale maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, mwaka 1867 wao hata nyota moja hawakutoa, waliikataa. Rafiki yake Frédéric Bazille, mchoraji pia, akainunua faranga 2,500 kwa kulipa 50 kila mwezi, huyo ndo rafiki bana, bahati mbaya akauawa vitani 1870. Baadaye picha ikarudi kwa Monet mwenyewe, na mwaka 1921 serikali ya Ufaransa ikaja kuinunua kwa faranga 200,000. Serikali ileile ambayo Salon ilikuwa yake, ok, zama tofauti, ila mi nilicheka peke yangu pale mbele ya maelezo.

Kama unaenda: Jumatatu wanafunga, Alhamisi wako wazi mpaka saa 4 kasorobo usiku. Cheki tovuti yao kwanza maana michoro huwa inaazimwa kwenda kwingine. Ukifika usiivamie karibu, rudi nyuma mpaka mipigo ya brashi ishikane iwe majani, halafu ndo usogee uone rangi ilivyopakwa nene. Selfi piga haraka utoke, watu wa nyuma nao wamelipa.