Darasa la kuchora kwa sindano kwenye pembe na mfupa, Katwe: elfu 80 inafaa?

Hii karakana ya pembe za ng'ombe iko upande wa Katwe, Kampala, na haina hata kibao, boda akikushusha we fuata harufu tu, maana pembe ikipigwa msasa inanuka nywele zilizoungua. Darasa la wanaoanza ni elfu 80, vipande vya kuchorea wanakupa, sindano unanunua kwao, na hapo ndo nina neno, subirini.

Kwa asiyejua, huku kuchora kwa sindano kunaitwa skrimshoo, ni kazi ya mabaharia wa Marekani karne ya 19, wale wawinda nyangumi wa New Bedford na Nantucket, safari inakula miaka na mtu hana cha kufanya, basi anachukua jino la nyangumi anachanja picha ya meli kwa sindano halafu anapaka masizi. Sisi nyangumi tutamtoa wapi, ila Ankole kuna pembe ndefu kuliko mkono wa mtu, na mfupa wa paja buchani unaupata kwa hela ndogo. Ya ndovu hata msiulize, biashara yake kimataifa ilipigwa marufuku 1989 na hapahapa Kampala mwaka 2022 kuna mtu alikula kifungo cha maisha kwa hayo mambo. Fundi akisikia mteja anaitaja anamwonyesha mlango wa kutokea.

Sasa kama unaenda ukidhani asubuhi tu ushaanza kuchora, pole. Muda mwingi ni msasa, unaanza na wa kukwaruza namba 220, kisha 400, 800 mpaka ule laini wa 2000, tena kwa maji na barakoa usoni kwa sababu vumbi la mfupa si zuri kwa mapafu. Jirani yangu alikuwa analalamika kabisa kwamba amelipa pesa aje kusugua, fundi hakubishana naye, akampa kipande ambacho hakijang'arishwa akamwambia apake wino, ukaingia kwenye kila alama ya msasa kikawa wingu jeusi tupu. Kelele zikaisha. Mfupa nao una vitundu vidogo sana, so unapakwa nta kwanza ili wino usizame pasipochanjwa.

Kuchora kwenyewe ndo kutamu. "Dada, usibonyeze, acha sindano itembee," fundi ananiambia kila akipita, na kweli mstari mwepesi uliorudiwa unatoka safi kuliko wa nguvu, ukilazimisha sindano inateleza. Kivuli ni nukta, zikibanana panakuwa giza, zikiachana panakuwa mwanga. Unapaka wino, unafuta na kitambaa, unaobaki ndani ya michanjo ndo picha. Mi nilimchora korongo, ndege wetu wa bendera, kile kishungi chake ni mistari mitupu kwa hiyo anayeanza anakiweza, miguu ndo shughuli. Na ncha nyeusi ya pembe wino hauonekani, hapo wanapaka rangi nyeupe, inatoka vizuri ajabu.

Ubaya wake sasa. Taa moja na lenzi moja kwa watu wote, mnagombania, na hii kazi bila lenzi macho yanauma. Sindano wanakuuzia elfu 15, ukiiangalia ni ya cherehani imepigwa kwenye kipini cha mti, hiyo ungejitengenezea. Halafu nilipouliza mfupa wa kutoka bucha unasafishwaje nyumbani nikaambiwa loweka kwenye jiki, jamani hapana, jiki inaula mfupa unakuwa wa kumeguka meguka, we chemsha polepole na sabuni ya vyombo mpaka mafuta yatoke, ukitaka weupe tumia haidrojeni peroksaidi ya famasi.

Hata hivyo nitarudi, huo msasa peke yake ungenichukua muda mrefu kuujua nikiwa nyumbani na video. Anayetaka zawadi ya haraka anunue iliyokwisha kuchorwa, wanazo hapo mlangoni. Ukienda nenda siku za kazi, beba barakoa na sindano yako, Jumamosi panajaa na ile lenzi hutaiona.